Kilichokuwa Chini ya Waridi

Kwa miaka mingi watu wa Kericho na Bomet walioana na kuzikwa chini ya njiwa wale wale. Walikuwa kumi na wawili, weupe, kutoka kwenye sidii moja iliyokwaruzika ambayo bosi wangu alirudi nayo kutoka Nairobi. Sita waliruka kutoka kushoto kwenda kulia, wanne walipanda juu, wawili walitua na kugusana midomo. Wale wawili niliwaweka kwenye harusi. Wale wanne wa kupanda juu niliwaweka kwenye matanga. Wale sita walikwenda popote. Ukipata leo video ya harusi ya mama yako, tazama pale wanapokata keki. Njiwa wa tatu ana bawa lililokatika kidogo nchani. Huyo ni wangu.

Nawaandikia nyinyi mnaoifanya kazi hii kwa simu. Nimewaona. Kijana anachukua klipu ya dakika moja, anaburuta juu yake mioyo inayopasuka, moto, malaika, maua yanayoanguka, na kabla chai yake haijapoa ameshaituma kwa kijiji kizima. Sisemi ni vibaya. Mnachofanya kwa kidole kimoja, mimi nilikifanya kwa siku tatu, kwenye kompyuta iliyonguruma kama kinu cha kusaga mahindi, na stima ikipotea saa tisa mvua ya mawe ikianza kupiga mabati, nilianza upya. Sasa nimeacha. Macho yangu hayavumilii tena mwanga wa skrini. Lakini kuna jambo moja ambalo nikiwaficha nitakuwa nimewafundisha nusu.

Kwanza niwaambie habari za Mzee Mutai, kwa sababu yeye alinionya.

Mzee Mutai ndiye aliyekuwa na studio, chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo mjini Kericho. Aliniajiri nikiwa msichana mwembamba kutoka Kedowa, sijui hata kuwasha kompyuta. Yeye alianza kazi kabla ya kompyuta. Siku hizo, mteja akitaka maua kwenye video yake, Mzee alisimamisha kipande cha kioo cha dirisha mbele ya televisheni, akachora waridi kwenye kioo hicho kwa rangi ya kucha ya mke wake, kisha akaelekeza kamera kwenye kioo na kurekodi harusi yote upya kutoka kwenye televisheni. Alipotaka maua yatikisike, alikigongagonga kioo kwa kidole gumba. Hiyo ndiyo ilikuwa animesheni ya kwanza katika nchi ya majani chai, na watu walilipenda sana lile waridi lililokuwa likitetemeka kama limeshikwa na homa.

Lakini alikuwa na desturi moja. Kaseti ikitoka tu kwenye kamera, hata kabla hajavua viatu vyenye matope, aliingiza bisibisi chini ya kijino cha plastiki kilicho mgongoni mwa kaseti na kukivunja. Kijino kikishavunjika, mashine hukataa kurekodi kitu kingine juu ya kaseti hiyo. Vijino hivyo alivitia kwenye kopo la majani chai. Kopo lilikuwa karibu kujaa nilipoanza kazi. Nilimuuliza siku moja kwa nini haviangushi tu sakafuni, nikafagia. Akanitazama kama nimemtukana mtu mzima.

"Maua ya juu ni biashara yetu," akasema. "Hii ya chini hatukuumba sisi. Wewe chora juu ya kioo. Kaseti usiiguse."

Nilicheka. Nilikuwa na umri wa kucheka.

Kompyuta ilipokuja, kioo kikaenda kuwekwa kwenye dirisha la choo, na nikajifunza matabaka. Hili mnalijua, lakini mnalijua kwa kidole tu, kwa hiyo nisikilizeni. Video yako iko chini. Juu yake unaweka tabaka lingine, na juu ya hilo lingine. Vitu vya kuweka juu huja kwa namna tatu. Kuna vinavyokuja bila mandhari yoyote, hivyo ni vya watu wenye bahati. Kuna vinavyokuja juu ya weusi, kama mshumaa, moto na moshi. Hivyo unaiambia kompyuta izamishe weusi na ibakize mwanga. Na kuna vinavyokuja juu ya kijani, kama njiwa wangu. Hivyo unaiambia kompyuta iondoe kila kilicho kijani, na ndege anabaki peke yake, tayari kuruka juu ya bibi harusi.

Hapo ndipo niliharibu kazi yangu ya kwanza kubwa. Kwaya moja ya kanisa ilirekodi nyimbo zake katikati ya shamba la chai, akina mama wenye sare nyeupe, na mlima mzima wa chai nyuma yao. Niliweka njiwa, kisha ile amri ya kuondoa kijani nikaiweka kwenye tabaka la chini badala ya la juu, nikaiacha mashine ifanye kazi, nikaenda kula. Niliporudi, chai yote ilikuwa imetoweka. Mlima wote. Kwaya ilikuwa imesimama hewani ikipiga makofi, na palipokuwa na chai palionekana kilichokuwa kimebaki chini kwenye mradi huo, nacho ni matanga ya wiki iliyopita. Jeneza lilikuwa likishuka polepole kaburini katikati ya sauti ya kwanza na sauti ya pili.

Mzee Mutai alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Wewe msichana," akasema, "hii mlima umepeleka wapi?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipeleka sokoni tukanunua kitambaa cha buluu cha mandhari, na kuanzia siku hiyo hatukutumia kijani tena kwa kitu tulichorekodi wenyewe. Aliniambia kwamba waliotengeneza programu hizo wanaishi mahali ambapo kijani ni rangi tu. Hapa kwetu ndiyo nchi yenyewe. Ukiiondoa hutabaki na kitu.

Niliboreka. Nasema hivi bila aibu. Nilijifunza kwamba kinachomsaliti mtu si kitu chenyewe, ni kivuli chake. Ukiweka njiwa juu ya watu waliosimama kwenye jua la saa nne, lazima kivuli chake kipite begani mwa mtu, tena upande ambao vivuli vingine vimelala. Ukiweka kitu mbali, kipunguze rangi kidogo, kwa sababu asubuhi zetu zina ukungu, na ukungu haubagui. Baada ya Mzee Mutai kurudi kwao na ugonjwa wa sukari na kuniachia studio, nilitengeneza tangazo langu la kwanza. Wachuma chai wanachuma, vikapu mgongoni, na kando yao twiga anainamisha shingo na kula majani chai yale yale. Kivuli chake kilipita juu ya vikapu. Watu walinipigia simu kuuliza ni shamba gani. Mwanamume mmoja wa Chebunyo aliapa mbele yangu kwamba twiga huyo alipita kwanza kwenye mahindi yake. Kwa miaka kadhaa niliitwa Mama Twiga, na nililipenda jina hilo kuliko lile la Mama Chebet nililopewa kwa kuzaa.

Mkumbukeni twiga huyo.

Sasa nafika kwa Odera.

Odera alikuwa mtu wa kutoka kule ziwani, aliyekuja huku akiwa kijana na kufanya kazi kiwandani, kwenye mashine ya kukata majani, zaidi ya nusu ya maisha yake. Kiwanda sikitaji. Mimi sikumjua. Nilikutana naye kwa sekunde ishirini na mbili. Msimamizi wao wa zamu, Mzee Koech, alikuwa anastaafu, na familia yake ikanikodi nimrekodi akizunguka kiwandani kuagana na watu wake. Kila mfanyakazi alisimama kando ya mashine yake, akatazama kamera, akasema neno. Wengi waliona haya. Odera hakuona haya. Aliinua mkono wa kulia, akasema, "Mzee, enda upumzike, hizi kelele tuachie sisi," akacheka, na mkono ukabaki juu, kama aliyesahau kuushusha. Wiki mbili baadaye mkono wa ovaroli yake ulishikwa na meno ya mashine ile ile.

Mke wake, Peres, alikuja studio na shemeji yake. Mwili ulikuwa unasafirishwa kwenda ziwani kuzikwa, kama wanavyofanya watu wao. Wenzake wengi kiwandani hawangepata ruhusa ya kwenda. Kwa hiyo walitaka video ya kuonyeshwa kwenye ukumbi wa kambi ya wafanyakazi kabla ya safari, ili waliobaki nao wamuage. Walikuwa na picha nne za karatasi. Kitu pekee ambamo Odera alikuwa akisogea na kusema kilikuwa zile sekunde zangu ishirini na mbili.

Nilimwonyesha Peres. Alishika ukingo wa meza.

"Yuko vizuri," akasema baadaye. "Lakini hapo nyuma kunakaa vibaya. Hiyo grisi. Mpambe, Mama Chebet. Asikae kama mtu wa grisi."

Nikampamba. Nilimpamba kwa moyo wangu wote, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba haikuwa kazi ya haraka. Nilipunguza mwendo, sekunde ishirini na mbili zikawa arobaini na nne. Nikaweka petali za waridi jekundu zikianguka kutoka juu, nyingi, mpaka mashine nyuma yake ikawa kama ukuta wa maua. Nikaweka wale njiwa wanne. Na upande wa kulia, pale palipokuwa pabaya zaidi, penye mnyororo na meno ya chuma na weusi wa mafuta, nikasimamisha mshumaa. Mshumaa mrefu, mweupe, mwali wake ukicheza. Nilisogea nyuma nikatazama. Sasa alikuwa mtu aliyesimama mahali patakatifu, ameinua mkono kubariki. Kwenye ukumbi wa kambi watu walilia kwa sauti. Peres alinishika mikono yote miwili na kusema asante kwa lugha yao na kwa lugha yangu.

Jumatatu yake mwana wa Mzee Koech alikuja. Baba yake alikuwa bado hajapata video yake ya kuagwa, na familia ilikuwa imekaa na kuona haifai mtu aliyezikwa awe anacheka kwenye sherehe ya mtu aliye hai. Wakaniomba nimtoe Odera. Nikamtoa. Na Jumamosi nilikuwa na harusi Chebunyo. Kadi zangu za kamera zilikuwa tatu, mbili zimejaa. Kompyuta nayo ilikuwa imejaa mpaka inakataa kufungua. Nikafuta kompyuta, nikafuta kadi ya tatu, ile ya kiwandani, nikaenda Chebunyo. Hivyo ndivyo sote tulifanya. Hakuna fundi wa video kati ya Kedowa na Bomet ambaye hakufanya hivyo.

Peres alirudi baada ya miezi miwili. Mvua ilikuwa imeanza, na alikaa kwenye benchi akaacha leso yake iloweshe sakafu yangu bila kujali. Alikuwa na barua ya kiwanda. Ilisema kwamba marehemu alifungua kifuniko cha chuma cha ubavuni mwa mashine bila idhini, akaanza kuisafisha ikiwa inaendelea kuzunguka, na hivyo alijiletea ajali mwenyewe. Peres alisema kifuniko hicho hakikuwepo kabisa. Odera alikuwa akimwambia jioni, mara nyingi, kwamba kiliondolewa kupelekwa kutengenezwa na hakikurudi, kwamba hata matundu ya skurubu yalikuwa yameshika kutu. Peres alikuwa ameenda kwa wafanyakazi wenzake Odera mmoja mmoja. Mmoja alimwambia wazi kwamba yeye ana watoto, na nyumba anayolala ni ya kiwanda. Mzee Koech, ambaye alipita mbele ya mashine ile kila siku ya kazi yake, alisema hakumbuki.

"Watoto wanaambiwa shuleni baba yao alijiua kwa ujinga," akasema. "Nikakumbuka ile video yako. Alikuwa amesimama hapo hapo. Sasa, fundi, nimekuja utoe hayo maua."

Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayeomba chenji. Kwake, maua ni kitu kilichowekwa juu ya kitu. Yakikauka kaburini unayaokota na kuyatupa, na kaburi linabaki pale pale. Nilimweleza. Nilimwambia kwamba matabaka yakiwa bado wazi kwenye kompyuta unaweza kutoa la juu na la chini likabaki, lakini ukishayayeyusha pamoja kuwa video moja, ni kama mursik. Maziwa yakishachanganywa na mkaa kwenye kibuyu, hakuna mtu anayeweza kurudisha weupe wake. Akaniuliza basi iko wapi ile ya kwanza, isiyo na kitu. Nikamwambia nilifuta.

"Ulifuta," akasema.

"Nilifuta, mama."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na harusi. Hilo ndilo lilikuwa jibu, na nililitoa.

Kadi niliipeleka Nakuru, kwa mtu anayejua kufufua vilivyofutwa. Alifufua harusi ya Chebunyo mara mbili, kwanza yenyewe, kisha vipande vyake vilivyovunjika. Chini ya harusi hakukuwa na mtu.

Ndipo nikachukua nakala yenye maua aliyokuwa nayo Peres, nikafanya kazi ambayo hakuna mtu aliyenifundisha. Petali zinaanguka. Zisingekuwa zinaanguka, ningekata tamaa siku ile ile. Lakini kitu kinachosogea hakifuniki mahali pamoja muda wote. Kila sekunde ya video ina picha ishirini na tano, na kati ya petali moja na nyingine kuna mwanya, pengine mdogo kama kucha, na katika picha inayofuata mwanya huo uko mahali pengine. Nilikaa kila asubuhi, kwa wiki saba, kabla stima haijapotea, nikipita picha moja baada ya nyingine. Hapa kipande cha ukuta. Hapa jino moja la chuma. Hapa nusu ya mnyororo. Nilikata kila kipande na kukiweka mahali pake kwenye picha moja mpya, kama mtu anayeokota karatasi iliyochanwa na upepo. Odera mwenyewe alikuwa akisogea, kwa hiyo uso wake ulikataa kukaa. Nilimpata kwenye picha tatu tu ambazo hakuna petali iliyogusa macho yake. Peres alikuja siku za soko, akakaa nyuma yangu. Siku mnyororo ulipoonekana, mtupu, bila chuma chochote mbele yake, alihesabu meno yale kwa sauti ya chini mpaka yakaisha.

Nusu ya kushoto ilionekana yote. Hapakuwa na kifuniko. Lakini watu wa kiwanda wangeweza kusema kwamba kifuniko kilikuwa kimefunguliwa tu siku ile na kuning'inia upande wa kulia. Upande wa kulia ndiko yaliko matundu ya skurubu. Kama yalikuwa na kutu, mtu yeyote angeona kwamba hakuna kitu kilichofungwa hapo kwa muda mrefu.

Na upande wa kulia palikuwa na mshumaa.

Mshumaa hausogei. Mwali ulicheza, na pale juu nilipata vipande vidogo, lakini shina lake jeupe lilisimama mahali pamoja kutoka picha ya kwanza mpaka ya mwisho. Nililiweka mimi, nikaiambia kompyuta lisitikisike, nikajisifu kwa kulinyoosha. Nilipomaliza kuunganisha kila kitu, nilikuwa na Odera, mkono juu, mashine nyuma yake, na shimo jeusi lenye umbo la mshumaa.

Sitawadanganya. Nilijua kulijaza. Nilikuwa nimerekodi viwanda vingine, nilikuwa na picha za mashine kama ile, na kutu ni rangi ninayoijua kuliko rangi ya macho yangu. Asubuhi moja Peres hayupo, niliweka matundu manne, nikayapa kutu, nikaipa kutu hiyo kivuli. Ilikuwa kazi nzuri. Hakuna mtu duniani angejua. Nilijaribu kukumbuka kama siku ile ya kurekodi niliyaona matundu yenyewe, na sikukumbuka kitu. Macho yangu yaliona uchafu, yakapita. Kwa hiyo nilichokuwa nimechora ni maneno ya Peres, si ilichokiona kamera. Niliyafuta. Mpaka leo kuna siku naamka nikiona nilifanya haki, na kuna siku naona nilimnyima mjane kitu ambacho pengine kilikuwa kweli.

Siku ya kusikilizwa kwa madai ya Peres dhidi ya kiwanda tulikaa kwenye chumba chenye madirisha makubwa, mjini. Wakili wa kiwanda alikuwa kijana mpole, mwenye sauti ya mtu aliyelelewa na nyanya. Alitazama picha yangu kwa makini, akaisifu. Kisha akaniuliza kazi hii nimeifanya kwa miaka mingapi, nikamwambia mingi.

"Mama, unaweza kuweka kitu ambacho hakikuwepo?"

"Naweza."

"Na kutoa kitu ambacho kilikuwepo?"

"Naweza."

Akachukua simu yake na kuigeuza ili wote waone. Wachuma chai walikuwa wakichuma, na twiga alikuwa ameinamisha shingo kando yao. Watu walicheka. Shemeji yake Peres alicheka pia, kabla hajajizuia.

"Huyu twiga alikuwa Kericho?"

"Hapana."

"Na hapa kwa hii nyeusi, kulikuwa na nini?"

"Sijui. Mshumaa ulisimama hapo."

"Mshumaa wa nani, mama?"

"Wangu."

Hakuniuliza kingine. Aliniambia asante. Waliosikiliza madai waliandika kwamba picha iliyotengenezwa na fundi wa aina hiyo haiwezi kutegemewa, na barua ya kiwanda ikabaki ilivyo. Alijiletea mwenyewe.

Nawaambia hivi kwa sababu mnadhani hatari ya kazi hii ni kudanganya. Sikumdanganya mtu. Twiga alikuwa mzaha, mshumaa ulikuwa heshima, na nilipoleta ukweli mikononi, mikono yenyewe ndiyo ilikuwa ushahidi dhidi yangu.

Peres alihama mwezi huo, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya kiwanda. Alipitia studio kuchukua ile picha, alitaka nimchapie kubwa ya kutundika ukutani kule ziwani. Vitu vyake vilikuwa chini, kwenye pikapu, magodoro na jiko na watoto juu yake. Nilipoikunja ile karatasi, lile shimo jeusi lilinitazama, nikaona watoto watakua wakilitazama kila siku. Nikamwambia naweza kulijaza kidogo, si kwa mashine, kwa rangi ya ukuta tu, ili lisiwaogopeshe. Ingekuwa dakika kumi.

"Wacha hivyo, Mama Chebet," akasema. Alikuwa ameshaishika karatasi. "Ukifunika tena, nitakusamehe mara ngapi?"

Akaifunga kwenye leso, akashuka ngazi.

Kadi ile ninayo. Sikuitumia tena. Harusi ya Chebunyo imo yote, vumbi, ng'ombe wakipita nyuma ya hema, bibi harusi anacheka na kuinua mkono kuwapungia watu wa kwao. Ni video nzuri, haina njiwa hata mmoja. Ubavuni mwa kadi kuna kitufe kidogo, ukubwa wa punje ya mchele, ambacho kikisukumwa chini kadi inakataa kuandikwa kitu kingine. Kilikuwa pale miaka yote. Ndicho kijino cha Mzee Mutai, kimebadilishwa umbo tu, na mimi nilidhani ni pambo. Siku Peres aliposhuka ngazi nilikisukuma. Kilitoa mlio mdogo sana.

Simu zenu hazina kijino wala kitufe. Kwa hiyo klipu ikifika mkononi mwako, kabla hujaburuta ua lolote juu yake, inakili na uiweke mahali ambapo wewe mwenyewe utapata shida kuifikia. Fanya hivyo ukiwa bado na matope viatuni. Halafu, ukiwa na mshumaa kidoleni na unatafuta pa kuusimamisha, tazama vizuri pale unapopaona pabaya.

Tazama mara mbili. Mimi nilitazama mara moja tu.